Stendi ya Kamera Kwenye Mpaka wa Arap Sigei

Jioni moja ya Agosti haijawahi kunitoka, mwanangu. Nilikuwa kidato cha tatu, niko likizoni hapa Merigi, na haya zangu unazijua kwa sababu umezirithi. Mgeni akibisha hodi, mimi niko jikoni najifanya natafuta chumvi. Niliyoshindwa kumwambia mtu, niliyaandika kwenye dayari.

Mjomba wangu wa Kericho alikuwa amenipa kamera yake ya zamani, ya filamu, pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. Kamera niliipenda. Stendi niliionea aibu, maana ilifanana na ile ya wapima barabara. Nikipita nayo sokoni, watoto walinifuata nyuma wakiimba, "Wa barabara amekuja! Tuletee lami!" Basi nikaiacha chini ya kitanda, nikawa napiga picha kwa mkono.

Kogo, nyanya yangu, alikuwa na dada yake aliyeolewa Sigor, tuliyemwita Kogo wa Sigor. Macho ya huyo dada yalikuwa yanaingia ukungu, kila mwaka zaidi. Alitaka picha moja tu ya wao wawili, aiangalie wakati bado anaona. Niliwapiga picha Pasaka, jua likizama, kamera nikiishika kwa mkono. Picha ilipotoka kuoshwa, Kogo wa Sigor aliisogeza hadi puani.

"Hawa ni sisi ama ni moshi wa jikoni?"

Watu walicheka sana. Yeye alicheka kidogo, halafu akaniuliza polepole kama ni picha imeharibika ama ni macho yake. Hilo swali lilinikaa kifuani miezi yote.

Agosti Kogo wa Sigor akaja tena kwetu, na ikafika siku yake ya mwisho kabla ya kurudi. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipoacha, mwanga ulikuwa umebaki kidogo chini ya mawingu. Mwanga ukiwa mdogo, mwanangu, kamera hufungua jicho lake kwa muda mrefu, na mkono wa mtu hata ukijikaza namna gani utatikisika. Nikaitoa stendi. Wale dada wawili wakasimama kwenye shamba la chai la Kogo kule chini, karibu na shamba la jirani yetu Arap Sigei. Ule mpaka ulikuwa na maneno tangu sijazaliwa.

Nilikuwa nafungua mguu wa pili nikasikia kelele. Arap Sigei anashuka na gumboots, fimbo juu.

"Nani amekutuma kupima? Eh? Mnaniletea serveya jioni mkidhani nimelala!"

Majirani wakatoka kutazama. Uso ukaniwaka moto. Nikaanza kukunja miguu. "Wacha tu, Kogo, nitapiga kwa mkono."

"Chepkemoi." Kogo hakupaza sauti. "Fungua hiyo miguu. Kelele ya huyu mzee itaisha sasa hivi. Dada yangu atakaa na hiyo picha mpaka macho yafunge. Wewe unamsikiliza nani?"

Nikaifungua. Mikono yangu ilitetemeka, lakini uzuri wa stendi ni kwamba haina haya. Udongo ulikuwa laini, nikakandamiza kila mguu mpaka ukashika. Upepo ukaitikisa. Nikaomba kikapu cha majani ya chai ambacho Kogo alikuwa hajakitua mgongoni, nikakining'iniza katikati ya ile miguu kama mjomba alivyonifundisha. Ikatulia.

Halafu nikafungua mdomo, mimi huyu. "Mzee, njoo uangalie mwenyewe."

Arap Sigei akainama, akafumba jicho moja. Akachungulia kwenye kamera. "Kumbe ni hawa wamama tu." Akatazama chini. "Lakini mguu mmoja uko kwangu!"

"Utakunywa chai kwa huo mguu," Kogo wa Sigor akamjibu. "Nyamaza sasa, tunapigwa picha."

Nikavuta ule wenzo mdogo unaoifanya kamera ipige yenyewe, maana hata kidole kikibonyeza hutikisa. Nikarudi nyuma. Hakuna aliyepumua, hata Arap Sigei.

Picha nilimpelekea Kogo wa Sigor mimi mwenyewe. Akaenda nayo dirishani. Matone yalionekana kwenye ncha za chai, na masikio yao yaliyotobolewa zamani.

"Huyu ni mimi," akasema. "Na huyu ni yule aliyekuwa akiniibia maziwa yangu ya mursik." Akanishika mkono. "Kwa hivyo ile ya Pasaka haikuwa macho yangu."

Macho yalikuja kufunga kabisa. Lakini wageni wakifika aliitoa ile picha, akawaonyesha kila kitu kilichomo kwa kidole, na hakukosea.

Mwanangu, nimekuona ukikunja vitu vyako watu wakitazama. Usikunje. Kandamiza miguu mpaka ishike, tafuta uzito, ondoa mkono, ngoja. Anayepiga kelele ataenda kwake jioni hiyo hiyo, na anayekuhitaji atabaki na ulichomfanyia.

Mungu akupe udongo unaoshika. Na siku utakapotetemeka, akuwekee karibu mtu wa kukuita kwa jina lako, taratibu, akuambie ufungue.