Shayiri Iliyokufa

Harufu ya shayiri inayokaushwa juu ya moto ni tamu, inakaribia ya mkate unaoiva, nami siipendi hata kidogo. Msimu ule, nikiwa darasa la sita, ilijaa nyumba yetu nje kidogo ya Eldoret wiki nzima, ikaingia kwenye blanketi, kwenye sare ya shule, hata kwenye chai. Mvua ilikuwa imetukuta tukivuna, shayiri ikalowa. Ndiyo iliyokuwa mavuno yetu yote, na ilikuwa imeahidiwa kiwanda cha kimea cha wiski. Baba, mzee wa kanisa asiyegusa pombe, hata busaa ya harusi, alishaamua kwamba nafaka haina dhambi ikiwa bado iko shambani kwake.

Sasa, baba alikuwa amesikia kwamba kimea hukaushwa kwa moto. Ni kweli. Ila hakungoja kusikia mwanzo wa habari: nafaka hulowekwa kwanza, hutandazwa sakafuni ichipue, ndipo moto huizuia isiendelee kukua. Yeye akaona awapunguzie watu wa kiwanda kazi. Akapanga mabati juu ya mawe, akakoka moto, akatukabidhi sepetu tugeuze.

Mama alijua. Nyanya, mama yake mzazi, alikuwa mpishi wa busaa, na mama alikua akitandaza nafaka ya wimbi ichipue. “Baba Chebet,” alisema, “hiyo moto unaleta mapema. Mbegu ikichomeka, imekufa. Haiwezi ota tena.”

Baba hakuinua hata macho. “Mama Chebet, si wewe uliokoka? Hiyo maneno ya pombe umetoa wapi?”

Basi, mjadala ukafa hapo. Nyumbani kwetu mama hakuruhusiwa kujua kitu bila kueleza alikijulia wapi. Alifunga konzi moja ya shayiri kwenye kitambaa kibichi, na baada ya siku nne akaweka kile kitambaa mezani mbele ya baba. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Baba akatazama, akasema kitambaa kilikuwa na sabuni. Sabuni! Nilitamani kupiga kelele.

Magunia yalipakiwa, na baada ya wiki yakarudi yote. Kiwandani walikuwa wamejaribu kuotesha kidogo, wakamwambia baba imekufa. Tulikunywa uji wa shayiri mpaka msimu uliofuata, na nguo zangu za mwaka mpya zikabaki dukani.

Siku hizi majirani wana vipima unyevu na mafunzo ya kilimo kwenye simu, na baba amekuwa mtu wa kuombwa ushauri. Juzi vijana wawili wa jirani walikuja kumuuliza kuhusu shayiri yao iliyolowa. Akajiweka sawa kitini. “Vijana, msilete moto mapema,” akasema. “Mbegu ikichomeka, imekufa.” Walipomuuliza alijifunzia wapi, alisema ni uzoefu tu. Nilimtazama mama, nikingoja aseme neno moja, moja tu. Alichukua birika, akamwongezea chai.