Kiti cha Kushoto

Mtaani walimwita Gramu, na hata yeye mwenyewe alikuwa amelizoea jina hilo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani wa manispaa. Alizunguka madukani na buchani na kisanduku chake cha mawe ya shaba ya kupimia, na mizani iliyokosea hata kwa uzito wa punje mbili za mchele aliitundikia kadi nyekundu: MARUFUKU KUTUMIWA. Wauza nyama walimwogopa, hongo hakula, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "hiyo inatosha". Mtu wa hivyo ni hazina kwa manispaa. Kuishi naye nyumba moja ni habari nyingine, na hiyo ilimwangukia mkewe, fundi cherehani aliyejua kumpima mteja kwa jicho tu na nguo ikamkaa.

Gari alikutana nalo kazini. Alikuwa amekwenda kukagua mizani ya malori kwenye kiwanda cha sukari, na mhandisi mmoja mgeni alikuwa anafungasha mizigo arudi kwao. Akamwonyesha gari lake: la michezo, la Kiingereza, jekundu, la zamani tayari wakati huo, viti viwili tu, taa za mbele zimejificha ndani ya boneti na zinafumbuka ukiziwasha. Injini ilikaa nyuma ya viti, na ilikuwa na turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa mpaka gari linakurupuka. Mhandisi akampa usukani azunguke uwanja wa kiwanda. Turbo ilipoamka, Gramu, aliyekuwa hacheki akiwa kazini, alicheka kwa sauti mpaka walinzi wakageuka.

Nyumbani alimweleza mkewe huku akizungukazunguka, kama kijana anayeomba ruhusa ya kwenda dansini. Akiba ilikuwepo, ila walikuwa wameiweka kwa ajili ya kumjengea mkewe chumba cha kushonea. Mkewe alimaliza mshono kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Nunua, baba watoto," alisema. "Mimi nitaendelea kushonea ukumbini. Lakini wa kwanza kukaa kiti cha kushoto niwe mimi, na unipeleke kwa ile barabara ya mlimani mpaka juu kabisa, niuone mji wote kwa mara moja. Sitaki kingine."

Gramu aliapa, na aliapa kwa moyo wote. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Tatizo ni kwamba gari la umri ule halikosi neno. Kwanza turbo ilikuwa ikivuja oili. Kifaa kiliagizwa ng'ambo, kikaja kisichofaa, kikaagizwa tena. Kisha mipira ya maji, kisha klachi. Miaka mitatu ikapita hivyo, na miaka hiyo mitatu ilikuwa ya haki. Gari lilikuwa bovu, na hakuna mtu mwenye akili anayempandisha mkewe mlimani kwa gari bovu. Siku ya kwanza tu Gramu alitoa kadi nyekundu ya kazini akaitundika kwenye usukani, nusu mzaha. Mkewe alipoiona alicheka.

Baada ya miaka mitatu fundi wa magari alifuta mikono, akasema kazi imekwisha. Gramu aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisema kuna mlio. Fundi akasikiliza, hakusikia kitu. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, gari limepona," alisema. "Aliyebaki mgonjwa ni wewe."

Gramu hakumwita tena. Kadi ikabaki kwenye usukani. Kila Jumamosi asubuhi alifungua milango ya gereji, akawasha injini, akaliendesha mpaka getini na kurudi, halafu akasikiliza, sikio moja kwenye kijiti cha mbao alichokiegemeza kwenye injini. Alipomaliza hakuzima mara moja. Mhandisi alikuwa amemfundisha kwamba turbo huzunguka ikiwa ya moto sana, na ukiizima ghafla oili inaungulia ndani, kwa hiyo liache gari lingurume taratibu dakika mbili lipoe. Gramu alizipima dakika hizo kwa saa, wala hakuwahi kuiba hata sekunde. Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo?" aliuliza.

"Bado kidogo, mama. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu, akamwachia chai.

Mwanzoni aliuliza kila Jumamosi. Baadaye akawa anauliza sikukuu na sikukuu. Mwisho akaacha kuuliza, na Gramu, Mungu amsamehe, alidhani mkewe amejifunza subira.

Alipostaafu alikuwa na muda wa kusikiliza kila siku, na pengine alichoka, au masikio yalianza kuzeeka. Asubuhi moja hakusikia mlio wowote. Aliitoa kadi nyekundu, akaingia ndani akatangaza kwamba leo ndiyo leo. Mkewe alimtazama kidogo, akaenda kubadilisha nguo. Alitoka na gauni la bluu aliloshona mwenyewe na kitambaa cha njano kichwani. Alikuja na fimbo yake, maana nyonga ya kulia ilikuwa imemshika miaka kadhaa sasa.

Gari lile liko chini mno. Ukitaka kuingia unajishusha kama mtu anayekaa mkekani. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama alisema, akageuka, akashika mlango, akajaribu kuinama. Nyonga ikakataa. Gramu alileta stuli, ikawa juu mno. Alileta mto. Alimshika kwapani amshushe taratibu, na mama akatoa sauti ambayo Gramu hakuwahi kuisikia kwake, hata siku za kujifungua. Waliacha. Kitambaa cha njano kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Nenda wewe," alisema akiwa ameegemea ukuta. "Ukirudi unisimulie."

Gramu hakwenda. Alifunga gereji, na wiki ileile akatoa habari kwamba anauza.

Aliyekuja kununua ni daktari wa meno, mtu mpole aliyezoea kuchungulia mahali padogo. Alilikagua gari kama mdomo wa mgonjwa, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akaangalia moshi. Kisha akaingiza kichwa ndani, akavitazama viti vyote viwili.

"Mzee, samahani," alisema. "Gari limetembea kidogo sana, na kiti cha dereva ni kama kipya. Lakini hiki cha abiria kimechakaa. Ngozi imelika, sponji imebonyea. Ulikuwa unampakia nani?"

"Sijawahi kumpakia mtu."

Daktari alipitisha mkono chini ya kiti kile. Akatoa vipande vya uzi wa rangi rangi, kifungo kimoja, na miwani yenye mkono uliofungwa kwa uzi mweusi. Gramu aliijua. Mkewe aliitafuta nyumba nzima miaka miwili iliyopita, na yeye Gramu alimsema kwa uzembe wa kupoteza vitu.

Aliitia mfukoni.

Waliondoka kulijaribu, daktari akiendesha, wakashika barabara ya mlimani. Gramu alikaa kushoto. Mwili wake ulitumbukia kwenye bonde ambalo si lake. Kwenye mlango, pale mkono unapoegemea, palikuwa pamesuguliwa mpaka rangi imetoka. Kulia kwake, kwenye usukani, alikumbuka ilipokuwa imening'inia kadi, na akajua kwamba mtu aliyekaa hapa alikuwa akiisoma. Turbo iliamka kwenye kona ya pili, daktari akacheka kwa sauti. Juu kabisa walisimama. Mji wote ulikuwa pale chini, mabati na miti na moshi wa kiwanda.

"Niambie kweli, mzee," daktari alisema. "Limekuwa zima tangu lini?"

Gramu hakuwahi kuandika uzito wa uongo maisha yake yote. "Miaka tisa," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mtu asiyemjua.

Waliporudi, alimwambia daktari aliache lipoe dakika mbili. Akaingia ndani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, ukumbini. Gramu aliiweka miwani mezani.

"Ulikuwa unakaa mle," alisema.

"Ukienda kazini." Aliendelea kulainisha kitambaa kwa kiganja. "Nilikuwa nachukua vifungo vyangu vya kushona. Nashusha kioo, napanda mlima kwa mawazo, nashuka, wewe hujarudi. Mpaka siku niliyoshindwa kutoka. Jirani ndiye aliyenivuta. Miwani ikabaki."

"Kwa hiyo siku ile ulijua huwezi kuingia. Na ulivaa gauni."

"Nilivaa. Siku hazilingani, baba watoto. Huenda nyonga ingekubali."

Gramu alivuta kiti akakaa karibu naye. Nje injini ilikuwa ikinguruma taratibu.

"Halikuwa na kitu," alisema. "Miaka yote tisa. Lilikuwa tayari."

"Najua," mkewe alisema. "Nilikuwa nalisikia kila Jumamosi."

Nje, daktari alizima gari.