Mkebe wa Udongo wa Bibi Ludmila

Harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji hunirudisha Fisksätra, pembeni mwa jiji la Stockholm, ghorofa ya tatu, mwaka niliotimiza miaka tisa. Ilikuwa miaka ya sabini, majengo yale yakinuka rangi mpya, na baba alikuwa ameletwa Stockholm kusomea uhandisi wa maji. Akishaondoka na treni ya asubuhi, mama na mimi tulibaki tukitazama theluji. Mama hakukijua Kiswidi. Mimi nilikuwa nimekiokota shuleni, basi nikawa ndiye mdomo wa nyumba: dukani mimi, kwa daktari mimi, kwa jirani mimi. Kazi ile ilinivimbisha kichwa. Nilifupisha maneno ya watu wazima nipendavyo, na hakukuwa na wa kunikosoa.

Jirani mwenyewe alikuwa Bibi Ludmila, mjane wa Kicheki aliyekimbia kwao mwaka wa sitini na nane, vifaru vya majeshi ya kigeni vilipoingia. Alioka vimkate vya duara vyenye jemu ya plamu katikati, na nilipokuwa nikila alinisimulia habari za Javorka, mji mdogo wa Texas ulioanzishwa na watu wa kijiji chao. Familia sita zilivuka bahari, kisha zikasafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza walilala chini ya magari hayo hayo. Padri hakuwapo, hivyo mwalimu wa shule ndiye aliyewasomea wafu sala. Kanisa walilijenga kwa mbao, maana mawe hawakuyaweza, kisha wakazipaka mbao zile rangi kwa ustadi hadi ukiingia ungeapa ni marumaru. Na kila aliyefika baadaye kutoka kijijini alikuja na mkebe wa udongo wa nyumbani, akaumwaga juu ya makaburi ya wale waliotangulia, kwa sababu hawakuwahi kurudi kwao. Nilimwuliza kama wafu walijua. Alisema hilo si swali la kuuliza mtu akiwa anatafuna.

Dada yake, Anna, aliolewa Javorka akiwa msichana, akafia huko. Siku ya kukimbia, Bibi Ludmila alichota udongo wa uani kwa mama yao, akaujaza kwenye mkebe wa biskuti. Picha za harusi yake mwenyewe aliziacha. Kurudi kuchota mwingine asingeweza. Safari ya Texas, ya kwenda kuumwaga kaburini kwa Anna, ilipangwa mwezi wa Mei, lakini Januari aliitwa hospitali kupasuliwa nyonga, na mafundi wa mabomba walikuwa waingie kwake akiwa hayupo. Basi akatuletea mkebe mlangoni, akaniambia taratibu: huu ni udongo wa kaburi la dada yangu, mwambie mama asiufungue wala asipande kitu. Wenzangu walikuwa wakinisubiri chini twende kuteleza kwenye theluji. Nikamgeukia mama nikasema, "Anakuachia udongo." Nikakimbia.

Wiki ile ile bibi yangu alikuwa ametutumia mbegu za mchicha ndani ya bahasha. Mama alikuwa na hamu ya mchicha hadi kuuota, na nje ardhi ilikuwa imeganda, jembe lisingepita. Kwetu Songea jirani akikuletea udongo mzuri, kuuacha ukae bure ni kumdharau. Mama akauchanganya na makapi ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa, akapanda, akauweka mkebe dirishani. Niliporudi niliuona. Ningeweza kusema siku ile, au kesho yake. Nilinyamaza, na mchicha ulipokua niliula.

Bibi Ludmila alirudi Machi, akitembelea magongo. Mama alimpokea kwa furaha, akamwekea mezani mkebe wenye majani mabichi, zawadi yake. Bibi Ludmila akaketi polepole. Aling'oa mche mmoja, akakung'uta mizizi, akatazama vipande vya maganda vilivyobaki kiganjani. Kisha akaniuliza kama nilimwambia mama. Nikasema ndiyo. Mama alipotaka kujua kuna nini, nilimweleza habari ya kaburi kana kwamba na mimi ndiyo kwanza naisikia. Mama alipiga magoti, akamshika miguu, akasema, "Nisamehe, mama, sikujua." Hayo niliyafikisha yote, neno kwa neno. Bibi Ludmila alimwinua, akasema udongo ule si wa kwao tena, akauacha mezani. Mei alisafiri mikono mitupu. Hakutugongea mlango tena, na mama hakupanda mchicha tena.

Siku hizi mchicha unauzwa sokoni Rinkeby, hapa hapa Stockholm, kwa mafungu. Wanangu hunijibu kwa Kiswidi, lakini hakuna anayelazimika kunisemea, na kwa hilo nashukuru. Mama hakurudi Songea. Tulimzika hapa Novemba iliyopita. Kabatini mwake niliukuta mkebe, umefutwa vumbi, udongo umo, kama mali ya mtu atakayeifuata. Niliuchukua hadi makaburini nikitaka kuumwaga juu yake, kama walivyofanya watu wa Javorka, lakini mkono uligoma. Haukuwa wetu. Nikachuchumaa na mkebe mapajani, nikalia, nikamfikishia ujumbe wake, umechelewa karibu miaka hamsini: "Mama, Bibi Ludmila anasema huu ni udongo wa kaburi la dada yake. Anaomba usiufungue, wala usipande kitu."