Fumbwa ya bokilo: jinsi mimi na mama mkwe tulivyokuwa tunaiua kwa kuifungulia plastiki

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani, mji ambao ukianika shati asubuhi, jioni unalianua likiwa na maji zaidi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu anasoma huku kwa simu hii hii, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitafika mbali.

Kwa wasioijua fumbwa: ni mmea wa msituni unaopanda juu ya miti. Majani yake ni magumu, tunayakata nyembamba kama nyuzi, tunapika na karanga za kusaga na samaki wa moshi. Sokoni ipo, lakini wanaoileta wanaifuata mbali zaidi kila msimu.

Mama mkwe wangu alikuwa na shina moja nyuma ya nyumba yake, kule Mangobo. Marehemu baba mkwe alilitoa msituni akalipanda kwa mkono wake. Basi familia ikakubaliana kiwanja kiuzwe na mama ahamie kwangu. Mnunuzi akasema baada ya mwezi mmoja atafyeka kila kitu.

Mama akatuma neno:

"Mwambie bwana yako, mi nakuja. Lakini fumbwa ya papa yenu isikufe."

Hapa nisimame kidogo. Mama mkwe kwetu ni bokilo, na bokilo anaheshimiwa kwa umbali. Hubishani naye. Chumba chake huingii, hata nyuma ya dirisha lake hupiti. Tukiwa hatua mbili tu, mimi na yeye, maneno yanapitia kwa mke wangu Bijou kama barua.

Bon. Nikampigia simu agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu huko Yangambi. Akaniambia nisihangaike kung'oa shina zima, litakufa njiani. Nikate pingili, kila moja na jani lake, na jani lenyewe nilipunguze nusu. Kisha nizifunike.

"Pingili haina mizizi," akasema. "Haiwezi kunywa. Kazi yako ni kuhakikisha haitoki jasho. Ndani ya plastiki hewa ilowe mpaka matone yaning'inie."

Nikamuuliza, agronome, Kisangani hii mtu analowa akiwa amekaa tu, plastiki ya nini tena?

"Papa, wewe una mizizi?"

Nikakata simu, nikatafuta mbao.

Nikatengeneza sanduku la mbao. Chini kokoto na maji kidogo, juu yake mchanga wa mtoni, juu kabisa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, iliyokunjwa kama paa la duara juu ya fito. Plastiki niliinunua soko kuu baada ya kubishana na muuzaji mpaka wateja wengine wakaanza kunishangilia. Pembe nne nikazikandamiza kwa mawe manne. Nikaliweka kivulini, kwenye baraza, wiki ile ile mama alipohamia kwetu.

Pingili ishirini. Nilizihesabu wakati wa kukata, nikazihesabu tena wakati wa kupanda.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, wakuu. Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua, nahesabu. Jioni nikirudi nafungua, nahesabu. Na kwa kuwa hesabu moja haitoshi, kabla ya kula napita tena kuhakikisha zile za jioni.

Siku ya sita majani yakalegea. Siku ya tisa yakaanza kudondoka. Wiki ya tatu nilikuwa na vijiti ishirini vilivyosimama kama viberiti.

Nikarudi sokoni na plastiki yangu mkononi. Nikamwambia muuzaji ameniuzia kitu chenye matundu, kinatoa mvuke. Akaikamata, akaitazama juani, akaijaza maji mbele ya watu wote. Hata tone halikupita.

"Papa, plastiki yangu haina mikono," akasema. "Haijifunguake yenyewe. Kuna mutu."

Watu wakacheka. Mimi nikajiambia, mutu gani? Nyumbani kwangu watu wenye akili watupu.

Wiki hiyo hiyo mnunuzi akaleta watu wake kabla ya siku tuliyopatana. Bijou alikimbilia Mangobo kwa toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, akamkuta mtu ana panga mkononi na shina limeshalala chini. Akarudi na kifurushi cha matawi kilichofungwa kwa kitenge kilicholoweshwa maji.

Tukapata pingili kumi na sita zenye majani mazima. Kumi na sita, na nyuma yake hakuna nyingine tena duniani.

Mama alikaa kwenye kiti chake cha plastiki barazani, akaniangalia nikizipanda.

Safari hii nikawa mjanja. Nilipoweka yale mawe, nikakariri kila moja limelala upande gani. Kesho yake nikatoka kuoga, jiwe moja limegeuka. Keshokutwa, mawili.

Siku ya nne nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Nani anakuja? Mama mwenyewe, na kanga yake, taratibu. Akafungua plastiki yote. Akaokota uchafu, akapangusa majani moja moja kwa kidole, akayaongelesha. Kisha akaanza kupepea kwa mfuniko wa sufuria.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nimpigie nani? Bokilo?

Nikamvuta Bijou pembeni.

"Mwambie mama aache kufungua. Unyevu wote unatoka."

"Mi nimwambie mama yangu anaua fumbwa ya bwana yake? Kama una nguvu hiyo, mwambie weye."

"Unajua siwezi."

"Basi. Na weye, unafunguaka mara ngapi ku siku?"

"Mimi nahesabu tu."

"Nimeuliza mara ngapi."

Nikahesabu. Tatu. Siku za Jumapili, tano. Mama mara mbili, na ile ya kupepea ni ndefu. Wakuu, hilo halikuwa sanduku la kuotesha. Lilikuwa mlango wa duka.

Bijou akatoka nje, barazani, akasimama katikati yetu, mama kulia, mimi kushoto, akatangaza kwa sauti ya kanisani:

"Nyinyi wawili ni wauaji. Mmoja anahesabu, mwingine anapepea. Hii majani haina mizizi, inaishi na jasho yake tu, na kila mutu anaiibia!"

Mama akashika mdomo. "Mi nilisema inakosa hewa. Humo ndani iko joto sana."

"Mama, hiyo joto ndiyo chakula yake."

Kisha akafanya kitu ambacho mimi, mjanja wa soko zima, sikukifikiria. Akalibeba sanduku akaliweka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli chini ya dirisha la mama. Mahali ambapo mimi, kwa heshima, sikanyagi. Akampa mama chupa ya kupulizia maji na sharti moja: siku moja ndiyo, siku moja hapana, alfajiri, pulizia majani haraka na ufunge. Matone yakionekana kwenye plastiki, usiguse kabisa.

Wakuu, niliteseka. Wiki nne bila kuhesabu hata mara moja! Nilipunguza mwili.

Nadhani mama aliona, maana siku moja nikiwa nakunywa chai nikasikia sauti toka nyuma ya nyumba, haimwambii mtu:

"Eh, kumi na mbili iko kijani."

Nikaweka kikombe chini. Kisha:

"Nimehesabu mara mbili."

Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili. Anauambia ukuta, mimi nasikia. Zikabaki kumi na moja. Kumi. Zikasimama kwenye kumi, na mimi nikasimama nazo.

Mwezi wa pili ulipopita, agronome akasema tuvute moja polepole. Ikigoma kutoka, imeshika. Na plastiki tuanze kuifungua kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana, ili majani yazoee hewa ya nje.

Asubuhi hiyo mama akaniita mwenyewe, jina langu la baba wa mtoto, bila kupitia kwa Bijou.

"Papa Gracia! Kuya huku."

Nikapita chini ya dirisha lake nikiwa nimeinamisha kichwa. Mkononi alikuwa ameshika pingili moja, ina mizizi mitatu myeupe, minene.

"Hii inapenda kupanda juu ya muti," akasema. "Na ili uvune vizuri, ni miaka tatu, mine."

"Ndiyo, mama."

"Basi mi nitakuwa hapa nayo."

Mimi, ambaye hata bei ya chumvi nabishania, nikasema ndiyo tena.

Nilichojifunza: ukifunika pingili, zifunike kweli. Unyevu hauhitaji kusimamiwa na watu wawili wanaoogopana kuongea. Na usizuie jasho la plastiki, hilo ndilo linalokuambia mambo yanakwenda.

Sasa nina swali. Kiwanjani kwangu kuna mparachichi na mpera tu. Fumbwa kumi nizipandishe juu ya upi? Waliowahi kuilima waseme, na waseme upesi, maana mama ameshachukua jembe.