Ufunguo wa Kufuli la Tatu

Wanamwita Gavana, ingawa kazi yake ni kushona viatu. Jina alilipata baada ya mteja mmoja kusahau kibandani kitabu cha historia ya benki kuu, asirudi kukichukua wala kukomboa raba zake. Fundi alikisoma polepole, gundi ikikauka.

Alichokikuta hakikumridhisha. Hapo zamani, aliwaeleza wateja, mfalme wa ng'ambo alitaka fedha za vita. Matajiri wakamkopesha, naye akawapa ruhusa ya kutoa noti.

"Mwenye shida na mwenye ufunguo wa fedha wakakaa meza moja," alisema. "Noti ni ahadi tu. Na ahadi mnaziona zinavyokonda."

Bei ya soli ikipanda, halaumu kiwanda. Analaumu meza ile.

"Na kabla ya hizo benki kuu?" muuza maji wa jirani humchokoza. "Benki ndogo zilikuwa zinakufa kama kuku wa kideri. Huo ukurasa uliuruka?"

"Niliusoma. Sikuupenda."

Fundi, mkewe na muuza maji wamo katika kikundi cha akiba cha mtaa. Sanduku la kikundi lina makufuli matatu, kila ufunguo una mtu wake, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Mwezi uliopita mshika ufunguo wa tatu alihama. Wengi wakamtaja Gavana, naye akaanza kunyoosha kola. Lakini wiki hiyohiyo cherehani yake ya viatu ilivunjika, na ombi lake la mkopo wa kununua nyingine lilikuwa mezani kwa kikundi.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti.

"Historia ya fedha naijua," alisema fundi. "Kwangu ufunguo utakuwa salama."

Mkewe hakuinua macho. "Baba watoto, yule mfalme naye si alisema hivyohivyo?"

Watu wakacheka. Yeye alitazama vidole vyake vyenye gundi.

"Shemeji, anayekopa hashiki ufunguo. Chagua," mwenyekiti alisema. "Ufunguo au mkopo."

Heshima ile alikuwa ameitamani kwa muda mrefu. Ila bila cherehani hakuna kibanda.

"Mkopo," alisema.

Ufunguo akapewa muuza maji, ambaye hajawahi kukopa. Aliutia mfukoni huku akitabasamu. Fundi alimfuata kwa macho hadi mlangoni.

"Huo mfuko umetoboka," alimwambia. "Kesho upitishe kibandani. Nitaushona kwa mkono."