Mtani Wangu Mbele ya Kamera

Miaka yote niliyoigiza, jukwaani na kwenye televisheni, sifa yangu ilikuwa moja: kulia. Nikiambiwa lia, chozi hilo. Sasa binti mmoja wa Dar akaja hapa Bungu kutengeneza filamu ya maisha yangu, akanikalisha uani, akasema, "Bibi, hebu tulilie kidogo, kama zamani." Nikakaza uso, nikawakumbuka marehemu wangu wote. Kavu! Loo, nilijisikia aibu kama mtu aliyedondokwa na kanga sokoni.

Pembeni alikuwepo mtani wangu, anamenya mihogo. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu mtani ndiye anayekuigiza siku ya msiba wako: anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anazianika kasoro zako mpaka wafiwa wanacheka. Sanaa yangu nilijifunzia huko misibani, kabla sijajua jukwaa ni kitu gani.

Basi mwenzangu akainuka, akajitanda kanga yangu iliyokuwa kambani, akaja anachechemea kwa goti langu hili bovu. "Mimi nyota jamani," akasema kwa sauti yangu kabisa, "chai yangu itieni tangawizi, nisije nikakaukiwa na sauti!"

Watu wa kamera hoi kwa kicheko. Mimi nikawaka. "We bibi kizee, sijafa mimi! Ngoja nife kwanza!" Nikamgeukia yule binti: "Kipande hicho ukifute."

"Nikingoja ufe nitachelewa," mtani akajibu, akarudi kwenye mihogo yake.

Hakusema uongo. Masika hayajaisha tukamzika yeye. Nikavaa kanga zake, nikashika kisu na muhogo, nikazunguka pale msibani nikimpa kila mtu neno lake la utani, kama alivyokuwa akitupa sisi. Goti sikulisikia. Binti yake alicheka huku analia. "Mama kabisa huyo!" akasema. Hakuna jukwaa lililowahi kunipa raha kama ile, wala kuniuma vile.

Niliporudi nyumbani ndipo ikaniingia: mimi nikifa, nani ataniigiza? Watoto wa siku hizi utani wanausikia tu. Nikampigia yule binti wa Dar.

"Kile kipande cha mtani wangu, mwanangu..."

"Bibi, si uliniambia nikifute?"

"Nilikwambia."

"Sikukifuta, bibi. Nisamehe."

Eti nimsamehe! Nikamwambia siku yangu ikifika akilete, wakiwashe palepale uani, watu wacheke. Nikakata simu. Machozi yakaja hapo, yote, na kamera haipo.