Meno ya Kufundishia

Mume wa binti yangu ni mwalimu wa darasa la tatu, na mtaani wanamwita Vifuniko. Si jina la matusi. Mwanamume yule hawezi kupita kando ya kifuniko cha soda bila kuinama. Atakiokota, atakifuta kwa suruali, atakitia mfukoni, na mfuko ukijaa anatembea huku akilia kama mbuzi mwenye kengele. Watoto wake wa shule wamejifunza kujumlisha kwa vifuniko, na saa wameisoma kwenye kifuniko cha ndoo chenye mishale ya boksi. Siku moja niliinuka kidogo tu kwenye kigoda changu nijikune mgongo, nilipoketi nikajikuta sakafuni. Kigoda kilishakwenda shule kufundisha maumbo.

"Mtoto asiposhika kitu mkononi," huwa anamwambia mkewe, "mimi nimepiga kelele tu, mshahara nimeula bure."

Huko darasani, kwa habari ninazoletewa, ana maneno kama redio. Mbele yangu hana hata moja. Mimi ni mama mkwe wake, na adabu alifundishwa ikamzidi kimo. Nikitokea ukumbini anajibana ukutani kama kalenda mpaka nipite. Tangu nihamie kwao hajawahi kuniona nikila, maana yeye hula sebuleni, nami hula jikoni na binti yangu. Ndiyo maana habari za kinywa changu hakuzijua.

Mtaa wote ulijua kwamba meno yangu ni ya kuota, yote, juu na chini. Ulijuaje? Niliuambia. Niliwaeleza jinsi daktari alivyojaribu kuning'oa gego, koleo likapinda, akaniomba radhi. Niliwaeleza pia kuhusu dereva wa lori aliyepoteza spana, nikamfungulia nati ya gurudumu kwa chonge ya kushoto. Waliniamini nusu, na mimi nusu ilinitosha. Ukweli tuliujua watatu: mimi, binti yangu, na fundi wa meno wa kule mjini aliyenitengenezea seti nzima yenye fizi nyekundu za plastiki. Mkwe hakuambiwa. Utaanzia wapi kumweleza mkweo habari kama hizo?

Sasa ikafika zamu ya kufundisha meno. Picha kwenye kitabu ilikuwa imefifia, hujui kama ni meno au ni mahindi yamemwagika. Vifuniko akamtuma mkewe kwa fundi yule yule wa meno, amwombee umbo lolote la meno, la ile plasta nyeupe kama chokaa, lililoharibika. Binti yangu akalipata, akaja nalo jioni akiwa amechoka, akamwambia mumewe kutoka jikoni, "Mzigo wako wa meno upo kwenye rafu."

Nyumba ina rafu mbili. Mfuko wenye plasta ulikuwa kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya unga. Kwenye rafu ya ukumbini, karibu na pipa la maji, palikuwa na kikombe changu. Fizi ilinivimba jioni ile baada ya kula, nikayavua meno, nikayaloweka pale, nikaenda kulala mapema. Kwa kawaida nayaweka chini ya kitanda changu, mbali na macho ya watu.

Asubuhi kikombe kilikuwa kikavu, meno hayamo. Nikamvuta binti yangu kwa mkono, nikamwonyesha. Alitazama kikombe, akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa plasta haujafunguliwa.

"Mama," akasema taratibu, "meno yako yako shule."

Nikamwashiria akimbie ayafuate.

"Siendi. Nikimwona ameyashika nitacheka, na nikicheka watu wote watajua."

Basi nikajifunga mtandio mpaka puani, nikaenda mwenyewe, kwa njia ya nyuma ya vyoo ili nisisalimiwe. Darasa lao lina madirisha ya wavu. Nikasimama kwenye moja, nikachungulia.

Nilimkuta Vifuniko ameinua meno yangu juu kama mtu aliyeokota mwezi. "Hii ni zana ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi," alikuwa akisema. "Tazameni. Haya ya mbele yanakata. Hizi chonge zinachana. Magego huku nyuma yanasaga. Shikeni kwa adabu, kila mtu atapata zamu."

Yakaanza kutembea, dawati hadi dawati. Watoto waliyahesabu kwa kalamu. Wakayapima kwa rula. Msichana mmoja mwenye vituko akayafungua na kuyafumba, akayasemesha, "Hamjambo watoto?" na darasa zima likajibu, "Hatujambo." Meno yangu yalikuwa yanasalimiana na watu na mimi sipo. Kisha ikaja ndoo ya maji na mswaki na dawa ya watoto yenye harufu ya matunda, wakapokezana kuyasugua, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Naapa hayakusuguliwa hivyo tangu yanunuliwe. Na wale watoto walikuwa wanajifunza kweli. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyechezea kamba ya kiatu.

Kisha mtoto wa fundi viatu akasimama.

"Mwalimu, hapa kuna mboga."

"Mboga gani?"

"Ya majani. Imekwama kwenye gego. Mswaki haujafika."

"Kumbe yanakula," akasema mwingine.

Vifuniko akayachukua, akaja nayo dirishani kwenye mwanga ili atazame vizuri. Mboga ile alikuwa ameila mwenyewe usiku uliopita. Binti yangu huikata vipande vikubwa, huwezi kuikosea. Akainua macho. Mimi hapo, upande wa pili wa wavu, mtandio puani, umebonyea pale mashavu yalipozama. Nikamwona anajumlisha, na safari hii hakuhitaji vifuniko.

Uso wake ulibadilika rangi kama chai inayotiwa maziwa. Mkono ulioshika meno ukashuka polepole, kama amebeba kitu kinacholala.

"Mwalimu, ni ya nani?" mtoto wa fundi viatu akauliza.

Vifuniko akayafunika kwa kiganja cha pili.

"Ni ya maiti?"

Hapo darasa likasinyaa. Waliokwisha kuyashika wakaanza kufuta mikono kwenye sare, wawili wakaanza kulia. Ilibidi aseme. Nami nikatikisa kichwa kule dirishani, nikatikisa mpaka mtandio ukalegea, kwa sababu mle ndani walikaa watoto wa kila mwanamke ninayeketi naye jioni.

"Ni yangu," akasema Vifuniko.

"Ya kwako si yamo mdomoni?"

"Yaliyomo ni ya kazini. Haya ni ya nyumbani."

"Tuonyeshe unavyoyatoa."

"Somo limekwisha. Toeni madaftari ya hesabu." Akageukia ubao, mkono mmoja ameuweka mdomoni.

Nilirudi nyumbani kwa njia ile ile ya vyooni. Jioni nikasikia nyayo nje ya mlango wangu.

"Hodi, mama."

"Mm," nikajibu. Sikuwa na meno ya kusemea zaidi.

"Nimeleta kikombe."

"Mm."

"Nilidhani ni kazi ya fundi. Sikujua, mama. Ningejua nisingegusa."

Alidhani nimekasirika. Nikafungua mlango upana wa kiganja, nikapokea. Kikombe kilikuwa cha moto. Alikuwa amechemsha maji mwenyewe, na juu amefunika kisahani kizuri cha wageni. Nilipoyavaa yalinuka matunda. Nikataka kumwita nimwambie neno, lakini alikuwa ameshavuka barabara, anatembea upesi kama mtu anayedaiwa.

Kesho yake mchana mtaa wote ulijua kwamba Vifuniko ana meno ya bandia, seti mbili. Dukani walimchagulia mkate laini bila kuulizwa. Mwalimu mkuu akamwita pembeni, akamuuliza kwa upole kama anapata maumivu. Na alipoleta lile umbo la plasta amalizie somo, watoto walilikataa.

"Hilo halina mboga, mwalimu. Lete yale yako."

Ningecheka kama isingekuwa jambo moja. Huyu mtu alikuwa akifundisha herufi kwa mdomo wake mwenyewe. Anaukunja, anaupanua, watoto wanamtazama ulimi ulipokaa, wanaiga. Sasa akifungua mdomo, darasa zima linainama kuchungulia kama yatadondoka. Akaacha. Akawa anaandika ubaoni, anawapa mgongo, akicheka anafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama," binti yangu akaniambia tukiwa jikoni, "hafundishi tena kama zamani. Wale wasiojua kusoma wanabaki hivyo hivyo, na yeye anaona." Hakuniambia nifanye nini. Aliendelea kuosha vyombo.

Nilikula kwa shida siku zile. Kila nikitafuna nilijisikia.

Ikafika siku ya wazazi kuja kutazama zana, nami nikaenda. Vifuniko alizipanga zote kwenye meza ndefu: saa ya kifuniko cha ndoo, mizani ya vibati, kigoda changu. Mke wa fundi viatu akapita akitazama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, na yale ya nyumbani umeyaacha nyumbani?"

Wakacheka. Kiganja cha mkwe wangu kikaenda mdomoni.

Nikasimama. "Yale meno ni yangu," nikasema.

Kwanza walitazamana. Kisha kicheko kikaja kikubwa kuliko cha mwanzo, wengine wakashikana mabega.

"Bibi, na ile nati ya lori?"

"Ile niliongopa. Hili ndilo la kweli."

"Mwacheni, anamtetea mkwe wake. Wangapi wana mkwe wa kutetewa?"

"Nasema ni yangu."

"Sawa, bibi. Na lori pia ni lako."

Palibaki njia moja. Kidole gumba chini ya fizi, kusukuma kidogo, na seti ingeangukia kiganjani mbele yao wote, nisingehitaji kusema tena. Nikainua mkono. Kidole kikafika mdomoni. Wale wanawake ninaoketi nao walikuwa wananitazama, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. Kidole kikafuta mdomo, kikashuka.

"Mama anatania," akasema Vifuniko, akitazama meza yake.

Nikaketi.

Baada ya hapo kulikuwa na chai, mkate na nyama. Mke wa fundi viatu alimkatia mwalimu kipande cha mkate, akakitoa ukoko pande zote, akamsogezea kikombe. "Chovya kwanza, mwalimu, usije ukaumia." Akamshukuru, akachovya, akala polepole kwa midomo iliyofumbwa. Mimi aliniwekea mfupa, mnono, wenye nyama ngumu.

"Wewe bibi mwenye meno yako, huu ni wa saizi yako."

Nikaupokea. Nikautafuna mpaka mwisho, mbele yake, kwa sababu walikuwa wananitazama.